Naomba ushauri: vijana hawa niwaandike wana kazi au hawana?

Habari zenu wakuu. Niko Kigoma mjini, Mwanga. Mwenyekiti wa mtaa amenipa jukumu la kuorodhesha vijana wa kiume wasio na kazi, miaka 15 hadi 35, orodha isomwe kwenye mkutano wa mtaa. Nilidhani ni kazi ya jioni mbili. Nimekwama nyumba ya tatu.

Kuna kijana wa miaka 24, kamaliza kidato cha nne. Jumanne nilimkuta mwaloni Kibirizi kabeba beseni la dagaa kichwani, maji yanamchuruzika hadi shingoni. Alilipwa elfu mbili. Siku zote zilizobaki alishinda kijiweni. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, aliyefanya kazi ya ujira hata saa 1 ndani ya wiki anahesabiwa ana kazi. Mdogo wake hana chochote, ila kakata tamaa, hatafuti tena. Kwa kipimo hicho naye hahesabiwi kama asiye na ajira, yuko nje ya nguvu kazi, yaani si kati ya walio na kazi wala wanaotafuta.

Mama yao akaniuliza, "Sasa mwanangu, wote wawili unawafuta?" Nilikosa jibu, na limeniuma.

Halafu Ziwa Tanganyika likifungwa, yaani uvuvi ukisimamishwa, kama Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, orodha nzima inageuka.

Mliowahi kufanya utafiti wa nguvu kazi, nisaidieni: niulize saa walizofanya au kipato? Walioacha kutafuta niwaweke safu yao? Mkutano ni Jumamosi hii.