Tupeane uzoefu: B.B. King jukwaani, ulimjuaje na amekuachia nini?

#1 (mtoa mada)

Wadau wa gita na muziki wa laivu, habari zenu. Humu tunajadili sana rumba na dansi letu na ni haki yake kabisa, lakini B.B. King, yule mpiga gita na mwimbaji wa blues wa Marekani, huwa anatajwa tu juu juu halafu basi. Mi napiga solo kwenye bendi ya hoteli hapa Dar, wageni wakawa wanaomba blues kila mara ikabidi nimsikilize kwa ajili ya kazi, baadae nikawa namsikiliza hata nikiwa nimepumzika nyumbani.

Iliyonikamata ni albamu yake ya laivu, Live at the Regal. Regal ulikuwa ukumbi mkubwa wa Wamarekani weusi pale South Side, Chicago, yeye alipiga tarehe 21 Novemba 1964 na albamu ikatoka 1965. Vaeni hedifoni msikilize WATU, sio gita peke yake. Kwenye How Blue Can You Get anaorodhesha vitu alivyompa mwanamke, gari mwanamke analikataa, chakula anakidharau, na akifika kwenye wale watoto saba ukumbi wote unapasuka kwa kelele, yani wanawake wanapiga mayowe mpaka bendi inamezwa. Mzee hawafukuzi, anawaacha wamalize halafu ndo anaingia. Kile kitendo cha kusubiri ndicho kimebadilisha upigaji wangu, zamani nilikuwa najaza kila nafasi.

Kingine, alikuwa haimbi na kupiga kwa wakati mmoja. Anaimba mstari, anafunga mdomo, Lucille (gita lake) linaitikia.

Tupeane uzoefu. Ulimwona laivu? Ulimsikia wapi? Umechukua nini kwake?

#2

Asante mtoa mada, hii nimeingoja. Mimi ni Mkenya niko Texas, nilimwona akiwa mzee tayari, nilipelekwa na mwenzangu wa kazini. Bendi ilianza bila yeye kwanza, saksafoni na tarumbeta wote wamevaa suti, wakapiga wee mpaka watu wakapata joto, ndio akaletwa akitembea polepole akakalishwa kwenye kiti katikati ya stage. Alikuwa na kisukari miaka mingi so kusimama ilikuwa shida, usiku wote alipiga ameketi.

Nikafikiri tutaona tu mzee amechoka. Wacha! Noti ya kwanza, noti MOJA tu, nywele zikanisimama. Na alipenda story, angeongea na watu dakika nyingi, acheke, atanie bendi, halafu katikati ya story anagusa uzi na unajua wimbo umeanza. Mwisho alikaa akigawa pick za gita (vile vipande vya kupigia nyuzi) na vipini vya kuvaa kwa koti kwa watu wa mbele, hakuharakishwa na mtu. Mama mmoja karibu yangu alipata pick akalia machozi kabisa.

Nimeenda concert nyingi tangu hapo za watu wadogo wenye mataa na moshi na sijawahi kuona msanii anawajali wasikilizaji wake vile.

#3

Jambo wote. Mimi ni wa Lubumbashi, lakini mjomba wangu aliishi Kinshasa wakati wa Mobutu na alikuwa ndani ya Stade du 20 Mai mwaka 1974. Mnakumbuka ile ngumi ya Ali na Foreman? Tamasha la muziki lilipangwa liende pamoja nayo, Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, ngumi ikasogezwa mpaka tarehe 30 Oktoba, lakini wanamuziki walikuwa wameshafika kwa hiyo tamasha likafanyika palepale, tarehe 22 mpaka 24 Septemba. James Brown, Bill Withers, Miriam Makeba, Celia Cruz na kundi la Fania All-Stars, wetu Franco na Tabu Ley, na B.B. King.

Mjomba alikuwa mtu wa Franco damu. Alituambia B.B. King alimshangaza sababu sisi tumezoea magita matatu yanazungumza pamoja, sebene inaenda na haisimami, huyu Mmarekani anavuta uzi mmoja, anafunga macho, uso wote unakunjika kama mtu anayeng'olewa jino, kisha anatulia. Anasema alifikiri gita limeharibika! Halafu linarudi tena na noti nyingine na watu wanapiga kelele. Video za usiku ule zipo, tafuteni Sweet Sixteen ya Kinshasa. Mimi nimeitazama sana, jasho linamtiririka mpaka kidevuni na hapangusi.

#4

Ngoja niongezee upande wa ufundi maana mimi ni fundi mitambo, napiga na gita kanisani (Mbeya).

Lucille sio gita moja, ni jina alilopa magita yake yote. Majira ya baridi 1949 alikuwa anapiga kwenye ukumbi wa dansi kijiji cha Twist, Arkansas. Ili watu wasigande waliwasha pipa lenye mafuta ya taa katikati ya ukumbi, wanaume wawili wakapigana, pipa likamwagika, jengo likashika moto. Alishatoka nje akakumbuka gita liko ndani akarudi kulichukua, nusura afe. Kesho yake akaambiwa wale jamaa walikuwa wanamgombania mwanamke anaitwa Lucille, akaliita gita jina hilo ajikumbushe asirudie tena upumbavu ule.

Sasa kiufundi: gita alilotumia miaka mingi ni Gibson ES-355, lina uwazi ndani na matundu mawili juu. Ukilifungulia ampli sauti kubwa, sauti ya spika inarudi kwenye lile bodi na mtambo unaanza kupiga mluzi, kila fundi mitambo anaujua huo mluzi jinsi unavyotia aibu mbele za watu. B.B. alikuwa anasokomeza vitambaa kwenye matundu, na baadae Gibson wakamtengenezea toleo la Lucille lisilo na matundu kabisa. Nilivyosoma hilo nilimsokomezea kijana wa kwaya yetu kitambaa kwenye gita lake, mluzi ukapungua sana, jaribuni.

Na ule mtetemo wa mkono wa kushoto: binamu wa B.B., mpiga blues Bukka White, alikuwa anateleza na chuma kwenye nyuzi, B.B. hakuiweza staili hiyo, akaanza kutikisa kidole juu ya uzi ili apate mlio unaofanana. Angalieni video, dole gumba linaachia shingo ya gita na kiganja kizima kinapepea.

#5

Mimi nimeongoza bendi miaka mingi kwa hiyo naangalia KAZI. Huyu alizaliwa 1925 Mississippi, mashamba ya pamba, akawa dereva wa trekta. Jumamosi anakaa kona ya mtaa Indianola na gita. Alisimulia mwenyewe kwamba mtu akiomba wimbo wa dini anampigapiga bega na kumsifu, akiomba blues anatoa hela, na hapo akajua njia yake. Nyie mnaopiga baa mnaojua habari ya kutuzwa mmenielewa.

Akaenda Memphis, akapata kipindi redio WDIA akitangaza dawa ya Peptikon, jina Beale Street Blues Boy likafupishwa likawa B.B. Mwanzo wa 1952 wimbo wa 3 O'Clock Blues ukashika namba moja chati ya R&B (muziki wa Wamarekani weusi). Mtu mwingine angetulia. Yeye 1956 alipiga shoo 342, mwaka MMOJA, kwa basi, kwenye nchi ambayo hoteli nyingi mtu mweusi haruhusiwi kulala. 1958 basi lake likagongana na lori la gesi huko Texas, yeye hakuwemo, bima ilikuwa imesimamishwa siku chache kabla, deni lote likamwangukia akalilipa kwa kupiga gita.

Na wazungu walimjua amechelewa sana. 1967 pale ukumbi wa Fillmore, San Francisco, alikuta vijana wa kizungu wamejaa, wakasimama wakampigia makofi kabla hata hajapiga noti, akalia. The Thrill Is Gone ilipofika namba 15 chati kuu ya Marekani mwaka 1970 alishakuwa na miaka 44. Vijana wangu wakianza kulalamika eti mwaka wa tatu hatujatoka huwa nawatajia hiyo miaka 44.

#6

Kuna video ya tamasha la Farm Aid 1985, uzi wa gita la B.B. unakatika katikati ya How Blue Can You Get. Anaendelea kuimba huku anafunga uzi mpya, anakaza, anatyuni, hapotezi hata beti. Nilionyeshwa nikiwa najifunza, tangu siku ile nabeba nyuzi mfukoni.

Swali kwa mtoa mada, mtu anaanzia wapi? Kodi zangu (chords, noti kadhaa kwa pamoja) mbovu kidogo.

#7 (mtoa mada)

@6 kodi zisikutishe, B.B. mwenyewe alikuwa anasema wazi hawezi kodi na bendi ndo inamshikia. Chukua The Thrill Is Gone, iko kwenye ufunguo wa B minor. Imba mstari mmoja, kwa mdomo, hata vibaya. Nyamaza. Jibu mstari huo kwa noti tatu nne tu, uzi wa kwanza na wa pili, ya mwisho iache itetemeke mpaka ife yenyewe. Usiingize mstari wa pili kabla haijafa. Ukishaweza hapo rekodi kwa simu utuwekee humu tusikie.

@3 mwombe mjomba atusimulie zaidi, tunamsubiri.