Video ya semina, masaa manne, imelala tu kwenye kompyuta

Mama wa Rau (Moshi):
Wadau, habari za jioni. Tuna kampuni ndogo ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Mwezi uliopita tulifanya semina: waongoza watalii wawili wa siku nyingi, mpishi wa mlimani, na wageni waliotoka kupanda kwa njia ya Machame. Nimeipandisha YouTube yote. Watu wanafungua, dakika ya pili wameshaondoka. Mpiga video nimemlipa hela nzuri, na waliyoyasema wale wazee si ya kutupwa. Nifanyeje yanifae hata mwakani?

Mhariri wa Njiro (Arusha):
Dada, usianze kukata. Anza na WhatsApp yako. Andika maswali ambayo wageni hawachoki kukuuliza: Nipande njia ya Marangu au ya Machame? Kichwa kikiuma huko juu? Kila swali ni kipande chake. Ndipo usikilize rekodi ukiwa na daftari, uandike jibu linaanzia dakika ya ngapi na linaishia wapi. Niliwahi kukata mkutano wa siku mbili kwa kufuata ratiba, hotuba moja baada ya nyingine, na mteja hakupata kitu. Nilipourudia kwa maswali, akawa anamtumia kila anayeuliza kipande chake.

Bei na ada za hifadhi toa kabisa. Zikibadilika, kipande kizima kinachacha. Kilele cha Uhuru kitabaki mita 5,895, hayo ndiyo ya kuweka. Weka maandishi chini ya picha, kwa Kiingereza pia, maana wengi wanatazama simu imezimwa sauti. Vipande vya nguo na baridi vitoe wakati wa masika, wageni wa Juni wanapojiandaa.

Kijana wa Sakina:
Wale wageni walikubali kurekodiwa, ila je, walikubali kuwekwa kwenye tangazo? Waombe kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Na ile rekodi nzima ya mwanzo ihifadhi mahali pawili tofauti.

Mama wa Rau:
Asanteni sana. Nimekaa na daftari tangu saa mbili usiku. Kuna mahali mzee anaonyesha jinsi ya kumpima mtu aliyezidiwa na hewa nyepesi ya juu: anachora mstari wa chaki sakafuni, anamwambia kijana atembee juu yake, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Anasema, "Ukiyumba hivi huko juu, dawa ni kushuka, hata kama ni usiku." Dakika moja na nusu tu. Naanza na hicho, na wageni nawaandikia kesho asubuhi.