Mantoux hasi, makohozi hasi, na bado ni TB: kinga inafanya nini hapa?

TabibuMtarajiwa
Wakuu, habari za leo. Nasomea utabibu na nimekwama. Tunafundishwa kuwa mwenye VVU na CD4 (seli za kinga ambazo VVU huziua) chini ya 100 yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuugua TB. Lakini huyohuyo ndiye ambaye makohozi yake kwa hadubini hutoka hasi, Mantoux, yaani kipimo cha TB cha kwenye ngozi, haivimbi na eksirei ya kifua haina matundu. Kama vimelea vimemzidi nguvu, si vingeonekana kirahisi zaidi?

PafuLaKushoto
Mkuu, mambo yote matatu uliyotaja hayatengenezwi na kimelea peke yake. Kinga ndiyo inayoyatengeneza.

Chembe za hewani zenye vimelea, za maikroni 1 hadi 5, hufika mpaka kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Huko seli ziitwazo makrofaji humeza kimelea na kukifungia kwenye kifuko kidogo, ambacho kingepaswa kuungana na kifuko kingine chenye vimeng'enya vya kukiua. Kimelea cha TB huzuia muungano huo, na ukuta wake wa nta unakilinda. Kinazaliana humohumo, polepole, mara moja kwa kila saa 20 hivi.

Seli za dendritiki hubeba vimelea hadi kwenye tezi za kifuani, na hapo ndipo seli T za CD4 hujifunza kumtambua adui. Kazi hii huchelewa: Mantoux huchukua wiki 2 hadi 8 tangu maambukizi kugeuka chanya. CD4 zikishafika mapafuni humwaga interferoni gama, kemikali ya kinga inayoyapa makrofaji nguvu ya kuua. TNF alfa, kemikali nyingine ya kinga, nayo huzikusanya seli ziwe granuloma: makrofaji ndani, limfosaiti pembeni, vimelea vimezingirwa katikati. Havifi vyote. Ndiyo maana dawa za baridi yabisi zinazozuia TNF huweza kuamsha TB iliyolala miaka mingi.

Sasa matundu. Kiini cha granuloma hufa, na kikiyeyuka na kupasukia kwenye njia ya hewa, panabaki tundu lenye oksijeni tele. Vimelea huongezeka humo na kutoka na makohozi. Hadubini huhitaji vimelea kama 5,000 hadi 10,000 kwa mililita ndipo ivione. CD4 zikiisha, granuloma haijengeki vizuri na tundu ni nadra, kwa hiyo makohozi hubeba vimelea vichache. Vingine vimeshaingia kwenye damu: ini, wengu, uboho, utando wa ubongo. Eksirei inaweza hata kuonekana safi.

MtuWaMaabara
Naongezea Mantoux. Ni 0.1 ml yenye yuniti 5 za tuberkulini, ndani ya ngozi ya mkono, isomwe baada ya saa 48 hadi 72. Pima ugumu, usipime wekundu. Kwa mwenye VVU mm 5 inatosha kuitwa chanya. Ugumu ule ni seli T za kumbukumbu zilizokusanyika. Zisipokuwepo ngozi hubaki bapa. Utapiamlo mkali, surua na steroidi navyo huleta hasi ya uongo. Na sindano ikipita chini ya ngozi bila kuacha kipele cha mm 6 hadi 10, jibu lolote halifai.

Kwa mgonjwa uliyemtaja, usitegemee hadubini. Tuma makohozi GeneXpert (mashine inayotafuta vinasaba vya kimelea), na mkojo upimwe LAM. Hicho ni kipande cha ukuta wa kimelea kinachotoka kwa mkojo, na kipimo hiki hufanya kazi vizuri zaidi kadiri CD4 zinavyokuwa chini. Vipimo vingi vya TB huenda kinyume chake.

Kijana_Msomi
Basi apewe ARV leo, kinga ipande imalize kazi yenyewe.

PafuLaKushoto
Hapana. Dawa za TB zinatangulia, ARV zinafuata ndani ya wiki 2. Ikiwa ni TB ya utando wa ubongo, husubiriwa angalau wiki 4. Kinga ikirudi ghafla na kukuta mabaki ya vimelea kila mahali, huvishambulia kwa fujo: homa inarudi, tezi zinavimba, kifua kinabana. Wengi hudhani dawa zimeshindwa na kuzisimamisha, na hilo ni kosa. Hakikisha si usugu, endelea na dawa zote, na ikizidi daktari ataongeza prednisoloni.

TabibuMtarajiwa
Asanteni sana. Je, mwenye VVU asiye na TB hai, Mantoux yake ikiwa hasi, anyimwe isoniazidi, dawa ya TB inayotolewa kuzuia ugonjwa?

MtuWaMaabara
Asinyimwe, wala Mantoux si sharti kwake. Muulize manne: kikohozi, homa, kupungua uzito, jasho la usiku. Likiwepo hata moja, chunguza TB kwanza, maana isoniazidi peke yake kwa mwenye TB hai huzalisha vimelea sugu.