Kuendesha IIS kwa kodi ya programu: nichague kiolesura kipi?

Swali: mjenzi_wa_mifumo

Habari wakuu. Nina Windows Server 2022 yenye IIS 10 (seva ya tovuti ya Microsoft). Mteja akijisajili kwenye mfumo wetu (C#, .NET 8), tovuti yake inatakiwa iundwe yenyewe: folda, puli ya programu (application pool, yaani mchakato unaoendesha tovuti) yake peke yake, jina la kikoa na cheti cha HTTPS. Kwa sasa kazi hiyo inafanywa kwa mkono. Nimekuta njia nyingi: appcmd.exe (amri ya IIS), WMI na ADSI (violesura vya usimamizi vya Windows), moduli mbili za PowerShell, na maktaba ya Microsoft.Web.Administration. Ipi inafaa kwa kazi ya kudumu, na ipi niiache? Tovuti zitafika mia kadhaa.

Jibu: seva_na_waya

Mkuu, anza kwa kupunguza orodha. ADSI ni ya enzi za IIS 6. Kwenye seva ya leo hadi usakinishe kijenzi cha kuiga metabase (hifadhi ya usanidi ya IIS 6) ya zamani, kwa hiyo iache. WMI bado ipo chini ya `root\WebAdministration`, lakini kwa mradi mpya haikupi lolote ambalo maktaba haikupi.

Zilizobaki zote zinaandika mahali pamoja: `C:\Windows\System32\inetsrv\config\applicationHost.config`. Ukishalijua hilo, uchaguzi unakuwa mwepesi. Wewe uko kwenye C#, basi tumia Microsoft.Web.Administration moja kwa moja. Kuita appcmd kutoka kwenye C# na kuchambua maandishi inayorudisha ni kujitafutia kazi. Ila appcmd usiitupe, kwani hakuna njia ya haraka kuliko hii ya kuweka nakala kabla ya mabadiliko makubwa:

`%windir%\System32\inetsrv\appcmd add backup kabla_ya_kazi`

Kurudisha ni `appcmd restore backup kabla_ya_kazi`. Zaidi ya hapo, IIS yenyewe huhifadhi matoleo ya nyuma ya usanidi kwenye `C:\inetpub\history`, kwa kawaida 10 ya mwisho.

Kiini cha kodi ni hiki (ServerManager ndicho kitu kikuu cha maktaba hiyo):

```
using var sm = new ServerManager();
sm.ApplicationPools.Add("duka01");
var s = sm.Sites.Add("duka01", "http",
    "*:80:duka01.example.com", @"D:\tovuti\duka01");
s.Applications["/"].ApplicationPoolName = "duka01";
sm.CommitChanges();
```

Bila ule mstari wa ApplicationPoolName tovuti inaangukia kwenye DefaultAppPool, na wateja wote watashiriki mchakato mmoja. Angalia pia toleo la DLL unayoirejelea: 7.0.0.0 ni ya IIS kamili, 7.9.0.0 ni ya IIS Express (toleo dogo la wasanidi). Ukichukua ya pili, kodi inapita bila kosa lolote huku ikisoma usanidi wa IIS Express, na tovuti zako huzioni.

Jibu: mlinzi_wa_poti

Naunga mkono, ila kuna jambo zito kuliko uchaguzi wa maktaba: nani anaandika. Kuandika kwenye applicationHost.config kunahitaji haki za msimamizi. Ukikosa haki hizo, kosa linalotokea linaitaja redirection.config, na watu wengi huanza kuhangaika na faili hilo bure. Tafadhali usije ukatatua kwa kuipa puli ya tovuti yako ya usajili haki za msimamizi. Tundu moja kwenye fomu ya usajili, na seva nzima imekwenda.

Fanya hivi: tovuti ya usajili iandike ombi kwenye jedwali la hifadhidata, basi. Huduma ya Windows iliyo pembeni, yenye haki, isome maombi hayo moja baada ya jingine na kuyatekeleza. Ihakiki jina la kikoa na isipokee njia ya folda kutoka kwa mteja, iijenge yenyewe.

Mpango huo unaondoa na tatizo la pili. Michakato miwili ikifungua ServerManager kwa pamoja, wa kwanza akihifadhi, wa pili hukataliwa kwa sababu faili limebadilika kwenye diski. Mwandishi akiwa mmoja, mgongano huo unabaki tu pale mtu anapobadilisha kitu kwa mkono wakati huohuo. Hapo tupa ServerManager ile, fungua mpya, rudia.

Jibu: seva_na_waya

Kweli kabisa. Niongeze mpangilio, maana ndipo penye makosa mengi.

Hifadhi usanidi kwanza (CommitChanges), ruhusa za folda baadaye. Akaunti ya `IIS AppPool\duka01` haipo mpaka puli iwepo, hivyo icacls (amri ya ruhusa za folda) ikitangulia italalamika kwamba jina halijulikani. Baada ya CommitChanges:

`icacls D:\tovuti\duka01 /grant "IIS AppPool\duka01:(OI)(CI)RX"`

Usiite `s.Start()` papo hapo. Huduma ya WAS (inayosimamia puli na tovuti za IIS) huchukua muda kidogo kuipokea tovuti mpya, na ukiiwahi unapata COMException 0x800710D8. Subiri sekunde moja, jaribu tena, weka kikomo cha majaribio. Tena tumia ServerManager mpya, kwani vitu vya ile ya zamani vikishahifadhiwa huwa vya kusoma tu.

Kwa HTTPS weka SNI, yaani cheti kichaguliwe kwa jina la kikoa (SslFlags = 1), la sivyo tovuti zote kwenye IP moja na poti 443 zitagombania cheti kimoja. Hakiki kwa `netsh http show sslcert`.

Swali: mjenzi_wa_mifumo

Asanteni sana. Na skripti za usiku za ukaguzi? Timu ya seva wanatumia PowerShell 7.

Jibu: mlinzi_wa_poti

Moduli ya IISAdministration, iliyokuja na Windows Server 2016, inatosha: `Get-IISSite`, na `Get-IISServerManager` inayokupa kitu kilekile cha kwenye C#. Ila waziendeshe kwa `powershell.exe`, yaani 5.1. WebAdministration ya zamani ikiitwa ndani ya 7 hupakiwa kwenye mchakato wa pembeni wa 5.1: hifadhi (drive) ya `IIS:` haionekani, na vinavyorudi ni nakala zisizo na mbinu (methods) zake. Skripti ya kusoma inaweza kupita hivyo. Ya kubadilisha inaweza kukwama.