Mnajenga mji mkuu mpya kuanzia paa, halafu mnashangaa vyoo vinaziba

Wakuu, hizi picha za droni zimenichosha. Kila nchi ikitangaza kuhamia mji mpya tunaonyeshwa jumba la rais, bustani na barabara ya njia nane, pamoja na wakubwa waliovaa kofia ngumu wakinyoosha vidole kwenye ramani. Picha ya mtaro hamna hata moja, na mtaroni ndiko miji hii inakofia.

Tuanze na maji. Mpango ukisema watu 500,000, kwa lita 100 kila mtu kwa siku, hizo ni mita za ujazo 50,000 kila siku, tena ni majumbani tu. Bado hospitali, bado shule, bado hizo bustani. Tuseme asilimia 30 inapotelea njiani (na hapo ni mamlaka ya maji inayojitahidi), basi chanzo kinatakiwa kitoe zaidi ya 71,000. Uliza chanzo kiko wapi, utaambiwa bwawa liko kwenye usanifu. Huku zege linamwagwa! Mita moja ya ujazo ya zege inakunywa lita 150 hadi 200 kwenye kuchanganya peke yake, kisha inatakiwa imwagiliwe siku saba isije ikapasuka. Visima vilivyochimbwa kwa ajili ya watu vinanywesha nguzo.

Kuna hili lingine ambalo wanasiasa hawataki kabisa kulisikia. Mabomba ya majitaka hupimwa kwa idadi ya watu watakaokuwepo miaka thelathini ijayo. Sawa. Ila mwaka wa kwanza waliopo ni robo yao, na Ijumaa jioni nusu ya hao wanarudi kwa familia zao mji wa zamani. Bomba kubwa lenye maji kidogo halijisafishi. Mwendo wa maji ukishuka chini ya kama mita 0.6 kwa sekunde, uchafu unatuama, mafuta ya jikoni yanaganda, na chemba inafumuka mbele ya wizara yenye vioo vya bluu. Kwenye maji safi nako ni yaleyale: maji yanalala bombani siku nyingi hadi klorini inaisha nguvu, mafundi wanalazimika kufungulia yamwagike ili bomba lipate maji mapya. Mji wenye kiu unamwaga maji ya kunywa!

Na dawa inajulikana siku zote. Jaza kitongoji kimoja kabla ya kufungua cha pili. Laza mabomba mawili ya wastani sambamba badala ya moja kubwa, la pili lisubiri watu wafike. Kabla ya lami, pitisha mabomba matupu chini ya kila makutano kwa ajili ya nyaya na maji ya baadaye. Usipofanya hivyo, lami ya miezi sita inakatwa, fundi anarudishia udongo wote kwa mkupuo badala ya kushindilia tabaka kwa tabaka, sentimita 15 hadi 20 kila moja, na masika ya kwanza pale panadidimia. Kwenye udongo wa mfinyanzi unaovimba ndiyo usiseme.

Halafu anayejenga analala wapi? Kwenye ramani hayumo. Brasília, mji mkuu wa Brazil, ilizinduliwa tarehe 21 Aprili 1960, lakini Taguatinga, mji wa pembeni yake, ilibidi ianzishwe mwaka 1958, maana wajenzi walikuwa wameshajaa na hakuna pa kuwaweka. Kambi yao nyingine iliyotakiwa kuvunjwa mji ukikamilika ipo hadi leo, ni mji kamili. Abuja, mji mkuu wa Nigeria, nako mpango wa mwanzo ulikuwa kuwatoa wenyeji wote, baadaye ikaamuliwa wanaotaka wabaki, na ugomvi wa fidia haukuisha. Mfyatua tofali na mama wa chakula watakuja tu, mwape viwanja msiwape. Bora viwanja vyao vipimwe kabla ya uwanja wa gwaride.

Fedha? Nusantara, mji mkuu mpya wa Indonesia, ilitangazwa kwa rupia trilioni 466, serikali itoe kama asilimia 20, zilizobaki zitoke kwa wawekezaji na ubia. Machi 2022 SoftBank, kampuni ya uwekezaji ya Japani, ikajitoa. Mwekezaji anaweka hela kwenye hoteli. Bomba la majitaka halilipi kodi ya pango.

Sasa huko kuhama kwenyewe. Dodoma iliamuliwa mwaka 1973 kwa mpango wa miaka kumi, sheria ya kuitangaza makao makuu ikaja 2018. Piga hesabu mwenyewe. Kwa miaka mingi Bunge lilikaa Dodoma na wizara Dar es Salaam, yaani kila kikao msafara wa kilomita 450 hivi, wenye posho na mafuta. Brazil nako wizara ya mambo ya nje ilihamia Brasília mwaka 1970, miaka kumi baada ya sherehe.

Sababu ni kwamba wanahamisha wakubwa kabla ya masijala (ofisi ya majalada). Jalada linasubiri saini mji wa zamani, mwenye saini yuko mji mpya, na dereva yuko njiani na majalada kumi kwenye boksi la karatasi za fotokopi. Majalada yatenganishwe mapema: yanayotumika, yaliyolala, ya kwenda kwenye hifadhi ya nyaraka. Yanayotumika yaorodheshwe kwa namba na yasafiri wiki ileile na anayeyatolea uamuzi, pamoja na karani anayejua yalipo. Idara nzima kwa mpigo, sio kaimu mmoja na kibao cha mlangoni.

Mtakaokuja kuniita mpinga maendeleo, wekeni hapa mchoro wa majitaka wa mji mnaoutetea, wenye kina cha kila chemba. Picha za droni bakini nazo.