Wajukuu wa Bi Kirembo: zamu za pwani

JUMATATU

Zuhura, 1:40 usiku
Asalaam alaykum. Nshasema kwa mdomo, sasa naandika asije akatokea wa kusema hakuambiwa. Mazoezi ya kuogelea yanaanza wiki ijayo, mwezi 22 na mwezi 23 wa kuandama, Jumatatu na Jumanne. Nataka majina usiku huu huu.

Zuhura, 1:46 usiku
Sababu ya siku hizo. Leo mwezi 15, bamvua, maji yanajaa sana na kukauka sana. Asubuhi maji yamekauka, sote tumo kwenye mwani mpaka mgongo unakatika. Yanakuja kujaa saa kumi jioni, ndiyo saa ya kupika na ya kuwapeleka watoto chuoni kusoma Kurani. Wiki ijayo maji mafu, hayajai sana wala hayakauki sana. Mwani haufikiki, bahari inajaa kiasi cha saa nne asubuhi, na watoto wakubwa wako skuli. Tena maji mafu hayavuti kama ya bamvua. Anayejifunza, hayo ndiyo maji yake.

Kombo, 1:52 usiku
Waalaykum salaam. Na siye wanaume tuje na mataulo?

Zuhura, 1:53 usiku
Nyie mje mkae na watoto.

Kombo, 1:53 usiku
Basi mie nna homa tangu sasa

Ami Haji, 2:20 usiku
😂😂😂

Salma wa Mjini, 3:05 usiku
Da Zuhura, siku hizo mie kazini. Kwa nini isiwe kila Jumamosi saa nne, mtu ajue moja?

Zuhura, 3:07 usiku
Salma, maji kila siku yanachelewa kiasi cha dakika hamsini, hayakai kwenye saa ile ile. Jumamosi hii saa nne utayakuta yanatoka, na yakitoka ndipo yanapovuta kwenda kwenye mlango wa mwamba. Mtu mgeni wa kuogelea simuingizi saa hiyo. Nitakuandikia tarehe za mwezi, utazame mwenyewe Jumamosi ipi inafaa.

Salma wa Mjini, 3:15 usiku
Haya. Na nguo?

Zuhura, 3:18 usiku
Suruali, blauzi ndefu ya kitambaa chepesi kisichonyonya maji, mtandio ufungwe nyuma ukaze. Dera msije nalo kabisa. Linajaa hewa, halafu likishalowa linazunguka miguuni, huwezi kupiga teke hata moja. Baibui vile vile.

Kombo, 3:20 usiku
Jamani kuna mtu kaona bei ya pweza leo?

Ami Haji, 3:22 usiku
Usiniambie. Nimerudi na chuchunge

Kombo, 3:22 usiku
Ami wewe na chuchunge mmeoana

Ami Haji, 3:24 usiku
Bora mie nna chuchunge. Wewe ndoana yako ilinasa kandambili

Zuhura, 3:31 usiku
Tuwache pweza na kandambili. Wale wadogo wasiokwenda skuli nani anawashika? Hilo ndilo linalotukwamisha kila mara. Kuingia majini si kazi. Kazi ni kumpata mtu wa kukaa na mtoto wa miaka miwili pembeni ya bahari asichezee simu.

Mwanakheri, 4:50 usiku
Dada nimesoma sasa hivi, mtoto ndiyo kwanza kalala. Mie nataka. Ila ana wiki tano, na mama mkwe anasema nikiingia baharini maziwa yatapoa, mtoto ataumwa na tumbo.

Zuhura, 4:52 usiku
Hayapoi. Maziwa yana joto la mwili wako wewe, si la bahari. Nilipokuwa namnyonyesha Yusra nesi wa kliniki aliniambia mazoezi ya wastani hayaharibu maziwa. Unamnyonyesha kwanza ndipo unaingia, kifua kisikuume. Ila damu iwe imekata na upimwe kwanza.

Mwanakheri, 4:55 usiku
Mpaka siku hiyo arubaini itakuwa imekwisha, nimehesabu.

JUMANNE

Mama Nassor, 12:20 asubuhi
Mie nasema mapema. Siachiwi watoto tena. Ya arusi ya Rukia sijatakwa radhi mpaka leo.

Zuhura, 12:41 asubuhi
Mama Nassor, yale yalikwisha.

Mama Nassor, 12:42 asubuhi
Yalikwisha kwenu. Nyie mko kwenye ngoma ya beni, mie niko na watoto mpaka isha, uji umemalizika. Na aliyetukanwa ni nani, si mie?

Salma wa Mjini, 2:10 asubuhi
Maneno yalisemwa kweli.

Zuhura, 2:15 asubuhi
Nitakuja kwako jioni, Mama Nassor, tuzungumze tukiwa tumekaa. Hapa naomba tumalize hili. Kila siku ya mazoezi wanabaki watu wawili nchi kavu. Mmoja macho yake kwa watoto, mmoja macho yake kwa waliomo majini. Asiwe mtu yule yule. Mtoto mdogo anazama hata kwenye ndoo ya kufulia, seuze ufukweni, wala hapigi kelele.

Ami Haji, 7:30 mchana
Zuhura mwanangu, mimi sipingi. Nauliza tu. Mwani mnalima hapa tangu 1989, na mama zenu walilima bila kujua kuogelea. Leo kimezidi nini?

Zuhura, 7:44 mchana
Kimezidi joto, Ami. Kotonii, ule mwani wenye bei, inakufa huku kwenye maji ya magotini, inageuka nyeupe na kukatika kwenye tai-tai, zile kamba ndogo za kuifungia. Inataka maji ya kina. Mama alikuwa akisimama maji yakimfika kiunoni. Mie sasa yananifika shingoni, na wimbi likija nanyanyua kidevu. Naifanya kazi hii na watoto nyumbani, wakinisubiri nirudi. Siwezi kuendelea kusimama pale bila ya kujua kuelea.

Kombo, 7:50 mchana
Mvae yale maboya ya boti

Zuhura, 7:51 mchana
Utanunua wewe?

Tatu, 11:15 jioni
Asalaam alaykum. Niko kwa bibi. Kanisomesha yote tangu jana, kasema niandike kama anavyosema yeye:

“Meli ya Pemba ilipozama 2011, mwezi wa Septemba, mdogo wangu alikuwamo. Waliosalimika wengine walishika magodoro mpaka asubuhi. Yeye kuelea hakujua. Tulipokuwa wasichana alitaka kwenda kukoga pwani na kaka zetu, mama akaniamrisha nimrudishe, nikamrudisha. Zuhura aendelee. Mwanakheri mwezi huu asiingie. Arubaini si ya kuhesabu vidole, mwili ndio unaosema. Mwezi ujao aende. Mama Nassor siku ile alidhulumiwa na mimi nilikuwepo, nikanyamaza. Watoto waletwe barazani kwangu, lakini nikae na mtu mwenye macho, mie sioni mbali. Kombo atakuwepo.”

Kombo, 11:58 jioni
Naam bibi.

Mwanakheri, 1:30 usiku
Sawa bibi.

Mama Nassor, 2:48 usiku
Nimesikia, bibi.

Mwanakheri, 3:02 usiku
Da Zuhura, naweza kuja kukaa tu nitizame?

Zuhura, 3:03 usiku
Njoo. Lete na mtoto, kuna kivuli chini ya mkungu.

JUMATANO

Zuhura, 1:15 asubuhi
Kila mtu aje na madumu mawili matupu ya lita tano, yafungwe vifuniko kisawasawa. Siku ya kwanza hatuendi popote. Tunakaa maji ya kiunoni, tunatia uso ndani na kutoa pumzi, halafu tunalala chali dumu likiwa kifuani mpaka shingo ilegee. Wengi wanazama kwa sababu ya kukaza shingo na kunyanyua kichwa. Miguu baadaye, na teke linatoka nyongani, si gotini. Hatuogelei juu ya kamba za mwani, mguu ukinasa pale ni balaa. Mbele ya vigingi vya mwisho asipite mtu.

Zuhura, 1:17 asubuhi
Majina mpaka sasa: mimi, Maryam, Salma akipata ruhusa, mke wa Ami Haji.

Ami Haji, 4:10 asubuhi
Mke wangu kasema lini?

Zuhura, 4:11 asubuhi
Muulize yeye.

Kombo, 4:30 asubuhi
Bibi kasema niwepo siku zote mbili au moja?

Tatu, 10:05 jioni
Anasema zote.

Zuhura, 2:20 usiku
Barazani pamekwisha, alhamdulillahi. Nahitaji mtu wa kutizama waliomo majini. Jumatatu Mwanakheri yupo, lakini ana mtoto mkononi, simhesabu. Mama Nassor, nimekuja kwako jana na leo nimekuta mlango umefungwa.

Mama Nassor, 4:40 usiku
Nilikuwa Makunduchi. Njoo kesho baada ya alasiri.

Salma wa Mjini, 4:52 usiku
Jumatatu nimepewa ruhusa. Jumanne bado hawajanijibu.

Zuhura, 4:53 usiku
Na mtizamaji?