Kipimo cha kamera ya utumbo: nina miaka 43, si nisubiri hadi 45?

Furu wa Mwaloni: Wakuu habari za jioni. Nafanya biashara ya dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Daktari ameniandikia kile kipimo cha kuingiza kamera njia ya haja kubwa, kuangalia saratani ya utumbo mpana. Nimesoma kwamba watu wanaanza kupimwa na miaka 45. Mimi nina 43. Si nisubiri tu? Waliopitia, kinauma? Matusi hapana.

Mzee wa Kokoro: Naweka kiti hapa, nisome wenzangu.

Sangara Mnofu: Hakiumi mkuu, mimi nilichomwa sindano ya usingizi. Kazi ni ile dawa ya kusafisha tumbo. Nilihamishia godoro mlangoni mwa choo. Saa tisa usiku yanatoka maji matupu, ya njano, unaona hadi sakafu. Na siku hiyo ndiyo wakwe wamefika kutoka Magu, choo chenyewe kimoja!

Nesi wa Nyegezi: Kaka, daktari hakukuandikia hicho kipimo bure. Ulimweleza nini?

Furu wa Mwaloni: Damu kidogo kwenye choo. Tangu Februari. Ni bawasiri tu, nashinda nimekalia magunia. Nimeshalipia miti shamba chupa tatu, imebaki moja, siwezi kuacha dozi njiani.

Mtoto wa Nansio: Kichocho hicho! Mimi damu hivyo hivyo, nikasimamishwa kwenye ubao wa kupima urefu, nikahesabiwa vidonge, vikubwa, vichungu. Nikapona. Nyie wa ziwani mnakimbilia saratani.

Nesi wa Nyegezi: Kichocho kinawezekana, apime choo. Ila kichocho na uvimbe vinaweza kukaa tumbo moja. Na hiyo 45 ni ratiba ya Marekani, waliishusha kutoka 50 mwaka 2021, ya mtu asiye na dalili. Wewe unatoka damu, unatafutiwa chanzo. Kwenu kuna aliyeugua?

Furu wa Mwaloni: Baba. Aligundulika na 50, hakumaliza mwaka. Wengine walisema karogwa na mdogo wake. Msinitishe jamani, hela yenyewe nimeshaiweka kwenye mashine ya mtumbwi.

Nesi wa Nyegezi: Mwenye mzazi aliyeugua, hata asiyeona damu, anashauriwa aanze na 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika mzazi, ipi itangulie. Kwako zote zinaangukia 40. Umechelewa mitatu. Vile vinyama vinavyoota ndani ya utumbo huchukua miaka mingi kugeuka saratani, vikikutwa mapema vinakatwa humo humo kwa kamera.

Mzee wa Kokoro: Chai hii. Mwezi wa nne alileta uzi baba yake anamgombeza kuhusu kiwanja cha Buhongwa. Marehemu anadai kiwanja?

Sangara Mnofu: 😂😂 Chai ya maziwa kabisa. Na mimi nimemwaga siri za godoro!

Furu wa Mwaloni: Yule ni baba mdogo. Ndiye aliyenilea, namwita nani?

Mzee wa Kokoro: Huyo huyo mliyesema mchawi?

Furu wa Mwaloni: Huyo huyo. Na hela ya kumwona daktari katoa yeye.

Mtoto wa Nansio: Duh.

Furu wa Mwaloni: Nimepewa Alhamisi. Nesi, nikishakunywa hiyo dawa naweza kupanda daladala kutoka Igoma?

Sangara Mnofu: Usithubutu. Mashine si unayo? Njoo na mtumbwi.